Singapore: jinsi nilivyojifunza kula kwenye vibanda vyao

Kama una safari ya Singapore na watu wameshaanza kukutisha kwamba ule mji ni ghali, utakula mkate na maji tu, ngoja nikwambie, ghali ni migahawa. Ile yenye kiyoyozi na menyu ya jalada gumu, ukiona bei imeandikwa halafu mbele yake kuna alama mbili za kujumlisha ujue hapo bado kuna asilimia 10 ya huduma na asilimia 9 ya kodi zinakuja juu yake, kwahiyo sahani uliyoiona dola 20 unaamka mezani umelipa karibu dola 24 za kwao. Wenyeji hawali huko kila siku. Wanakula kwenye hoka senta, na mimi huko ndiko nilikokula karibu kipindi chote cha kozi niliyokuwa nimeenda kusoma, asubuhi, mchana, na mara nyingi na usiku pia, na naandika haya kwasababu tangu nirudi naulizwa swali hilohilo, ulikuwa unakula nini kule, na wanaouliza zaidi ni wenzangu Waislamu ambao wanadhani mji wenye Wachina wengi basi hakuna chakula cha kwao. Kipo, tena kingi na kitamu sana.

Hoka senta ni ukumbi mkubwa ulio wazi pembeni, paa juu, mapangaboi yanazunguka, vibanda vidogo vimepangwa mistari kwa mistari, katikati kuna meza na stuli zilizofungwa chini zisihame. Kisiwa kizima zipo zaidi ya 110. Zamani hawa wapishi walikuwa barabarani na mikokoteni, wengine na mizega begani, maji ya kuoshea bakuli ni ya ndoo moja kutwa nzima na mabaki yanaishia kwenye mitaro, basi serikali ikawaandikisha mwaka 1968 na 1969, halafu kuanzia 1971 mpaka 1986 ikawa inawahamishia kwenye majengo haya yenye maji ya bomba, umeme na mifereji ya maji machafu. Desemba 2020 UNESCO ikauingiza huu utamaduni wao kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Wenyeji wanajivunia hilo kweli, ukiligusia tu kwenye mazungumzo mtu anaweka kijiko chini anaanza kukuhadithia.

Hiyo historia nimeileta kwasababu ndani yake ndo kuna kile kitu ambacho mgeni asipokielewa atakula vibaya mji mzima. Mkokoteni mmoja ulikuwa na jiko moja na sufuria moja. Mtu alikuwa anapika kitu kimoja basi, tambi za aina moja au wali wa aina moja au uji wa aina moja, anaamka nacho analala nacho, na walipoingia kwenye vibanda wengi wakaendelea hivyohivyo. Kwahiyo wewe mgeni usiende hoka senta ukaanza kutafuta kibanda chenye vitu vingi uchague. Geuza. Tafuta kile chenye kitu kimoja au viwili, na ukikipata agiza kile kilichoandikwa kwenye bango, maana huyo mtu amekipika hicho maisha yake yote.

Mimi haya nilielekezwa na mwenzangu wa kozi, kijana mwenyeji wa pale, Mchina wa Singapore, ambaye siku ya kwanza kabisa alinikataza kufungua simu kutafuta sehemu yenye nyota nyingi. Akaniambia tuzunguke kwanza ukumbi mzima bila kununua kitu. Tukazunguka. Akawa ananionyesha, angalia pale, mabango ya picha kama ishirini, tambi, wali, supu, mayai, kila kitu, na hakuna mtu kwenye foleni, sasa angalia hapa, mzee mmoja, karai moja, bango lina maneno mawili, na watu wanane wamesimama kimya na hawaangalii hata bei. Tangu siku ile huo mzunguko nimeufanya kila ninapoingia senta mpya, hauchukui hata dakika kumi, na sijui njia nyingine iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini foleni nayo inasomwa, si kila foleni ni ya kuaminiwa. Kuna foleni ya wageni na kuna foleni ya wenyeji. Ya wageni utaiona watu wana kamera na ramani, wengi wamekuja kwasababu kibanda kimeandikwa mahali, na hiyo haimaanishi chakula ni kibaya, mwaka 2016 kitabu cha Michelin, kile kinachotoa nyota kwa migahawa bora, kilipotoka kwa mara ya kwanza kwa Singapore kilivipa nyota vibanda viwili vya hoka, na dunia nzima ikaenda kupanga foleni. Ila ile foleni inakula muda wako wa safari. Foleni ya wenyeji ni nyingine, utaona mfanyakazi wa usafi na ufagio wake, karani ana kitambulisho shingoni, bibi ana kikapu cha soko, mwanafunzi na sare, wote kwenye mstari mmoja. Hasa wale mabibi wenye vikapu. Bibi ambaye ametoka kununua samaki na mboga chini sokoni, ana uwezo wa kupika mwenyewe nyumbani, halafu bado anasimama dakika kumi na tano kwenye joto asubirie bakuli la mtu mwingine, huyo ana sababu yake na sababu yake ni nzuri.

Na ukiwa kwenye foleni tumia macho. Angalia wanaotangulia wanasema nini, wanaongeza nini, wanakataa nini. Angalia mpishi anafanyaje. Kwenye wali wa kuku kwa mfano, ule wa Hainan ambao ndo kama chakula cha taifa pale, kuku anaivishwa kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa nguvu halafu anatumbukizwa kwenye maji ya baridi, ndo maana ngozi yake inakuwa laini inang'aa na nyama haikauki, na wali unakaangwa kwanza na mafuta ya kuku, tangawizi na vitunguu saumu ndipo unapikwa kwa supu ya huyohuyo kuku. Watu wengi wanamwangalia kuku. Mwenzangu akaniambia angalia wali. Kuku mzuri hata hotelini utampata lakini wali ule ukiwa umepikwa vizuri unaweza kuula mtupu na pilipili yao tu, na ni kweli, kuna siku niliagiza wali mtupu na supu na nikashiba vizuri kabisa. Wanaleta na pilipili, tangawizi iliyosagwa na sosi nyeusi ya soya, hivyo vitatu changanya mwenyewe unavyopenda, hakuna sheria.

Sasa suala la halali, hapa nitakaa kidogo kwasababu najua wengi mnasomea hapa.

Singapore kuna baraza la Kiislamu la serikali, MUIS, limekuwepo tangu 1968, na hilo ndilo linalotoa cheti cha halali. Kibanda chenye cheti kinakibandika mbele unakiona. Kuna vibanda vingine havina cheti lakini mwenyewe ni Muislamu na ameandika hivyo kwenye bango, hapo utaamua mwenyewe, mi nilikuwa nakula. Ila kuna maandishi mengine utayakuta sana, yanasema hapa hakuna nguruwe wala mafuta ya nguruwe, hayo yasikuchanganye, hayo siyo cheti, mwenye kibanda anakwambia tu alichokiacha, nyama yake ya kuku au ng'ombe hajasema imechinjwa vipi. Na vyakula vingine kwa asili yake ujue tu, zile tambi pana za kukaanga wanazoita char kway teow, mapishi ya zamani ni mafuta ya nguruwe na soseji za Kichina, labda uzikute kwa mpishi Muislamu.

Kilichonigusa ni namna watu wenyewe walivyo waangalifu kwa niaba yako. Mimi navaa ushungi. Kuna senta moja nilisimama mbele ya kibanda cha supu ya tambi nikiangalia tu mvuke na harufu, yule mama hata sijafungua mdomo akatikisa mkono, akaniambia dada hii si halali, nenda mstari wa mwisho kule kushoto kuna Mmalay, Muislamu, yake nzuri. Akanionyesha kwa kidole mpaka akahakikisha nimeelekea huko. Kakosa mteja na katabasamu. Na siyo yeye peke yake, nimeambiwa hivyo sehemu kadhaa, na kila mara bila ukali wala kunikwepa. Hata kwenye kurudisha trei, rafu zimegawanywa, za halali upande wake na zisizo halali upande wake, vyombo havichanganyiki. Mezani mnakaa pamoja, yule ana nyama yake na wewe una samaki wako, hakuna anayemkodolea macho mwenzake. Nilikuwa nakaa meza moja na mwenzangu kila siku, kila mtu na trei yake, na chakula hakikuwahi kuwa tatizo kati yetu.

Kama unataka sehemu ambayo utazunguka bila kuuliza uliza sana, nenda Geylang Serai. Chini ni soko, samaki, viungo, mboga, juu ni chakula, na vibanda vya juu kwa wingi ni vya Waislamu. Ukitoa salamu unaitikiwa, yani unajisikia umeingia mahali unapojulikana. Mama mtu mzima unamwita makcik, na yeye ananiita kak, dada. Nasi padang, yani wali na mboga za kuchagua, pale inauzwa hivi, mbele yako kuna mabakuli makubwa ya mboga na michuzi, rendang ya ng'ombe iliyopikwa na nazi mpaka ikakauka, samaki wa sambal, ile pilipili yao ya kupikwa, biringanya, mayai, majani ya mihogo na nazi, wewe unaonyesha kwa kidole na wali unawekwa katikati. Hapo bei inategemea umeonyesha vingapi na ni vipi, nyama na kamba wanapandisha, mboga ni rahisi. Mi nilikuwa nachukua mboga mbili na mchuzi mmoja, inatosha sana, kati ya dola 5 na 7 hivi. Usione haya kuuliza kabla hajapakua, makcik atakwambia hiki kiasi gani na hiki kiasi gani, wanaulizwa kila siku.

Na nasi lemak sasa. Mtu wa pwani akiila hii atanyamaza kidogo. Ni wali wa nazi wetu kabisa, ila wameuvukiza na majani ya pandan yanayonukia, na pembeni dagaa wa kukaanga wakavu wanaolia mdomoni, karanga, vipande vya tango, yai, na sambal, pilipili iliyopikwa taratibu mpaka ikawa na utamu chini ya ukali. Wanaila asubuhi! Mi mwanzo niliona wali saa moja asubuhi ni mzito, lakini ukiwa na siku ndefu ya kutembea kwenye lile joto utaelewa, unafika saa saba mchana tumbo halijakudai. Adam Road kuna senta ndogo tu, ya kuzunguka kwa dakika mbili, na foleni za nasi lemak pale asubuhi ya Jumamosi ni ndefu kuliko senta yenyewe. Mpishi mzuri utamjua kwa sambal. Wali wa nazi wengi wanaupatia, dagaa ni kazi ya kukaanga tu, sambal ndo inamchukua mtu masaa.

Tekka Centre, kule Little India, mtaa wa Wahindi, ni ya asubuhi na mchana, biriani na prata, chapati yao. Roti prata anaipiga mezani, anaichanua mpaka unaona mkono wake upande wa pili, anaikunja, samli, chuma cha moto. Tupu ni dola moja na senti kidogo, ya yai inazidi, inakuja na mchuzi wa samaki au wa dengu kwenye kibakuli. Ila mwambie akupe iliyotoka kwenye chuma muda huohuo. Kama kuna rundo limeshapikwa limelala pembeni na hakuna wateja, mi huwa nasubiri au naenda kibanda kinachofuata, ikipoa inakuwa ngumu na huwezi kujua ubora wake. Hii ndo kanuni yangu popote pale duniani, chakula kinachotoka motoni mbele ya macho yangu kwanza. Utamu tuuache, hata tumbo linakuwa salama zaidi, na safari ikiharibika kwa tumbo imeharibika.

Kuhusu usafi kwa jumla sikuwa na wasiwasi, vibanda nilivyokula vilikuwa vimebandika herufi ya daraja la usafi mbele, nyingi A na B, na maji ya bomba Singapore yananyweka bila kuchemshwa. Chupa ya maji nilikuwa naijaza tu.

Meza. Saa sita mchana katikati ya mji ukiingia utaona meza tupu ina pakiti ya tishu juu yake, au mwavuli, au kadi ya ofisi imeachwa peke yake, na hakuna mtu. Hiyo meza ina mwenyewe. Kaenda kupanga foleni na ameiacha tishu imwekee nafasi, wao wanasema amechope, na hakuna mtu atakayeigusa ile tishu wala kukaa pale. Kwahiyo na wewe nunua pakiti yako ya tishu, kuna wazee wanazungusha wanauza, chope nafasi yako kwanza ndo ukapange foleni, la sivyo utasimama na trei ya supu ya moto unazunguka ukumbi mzima. Na kama uko peke yako usiichope meza ya watu sita, chukua stuli moja kwenye meza yenye watu, uliza tu kama kuna mtu, watasogea. Nusu ya mambo ninayoyajua kuhusu ule mji nimeyasikia kutoka kwa watu nilioshiriki nao meza. Kuna mzee mmoja mstaafu wa bandarini alitueleza meza nzima mapishi ya laksa, tambi za mchuzi wa nazi na pilipili, na tofauti ya ile ya mtaa wa Katong ambayo tambi zake zimekatwakatwa fupi unakula na kijiko tu bila vijiti, mpaka supu yake mwenyewe ikapoa.

Ukimaliza unarudisha trei. Siyo ombi hilo, ni sheria, imeanza kusimamiwa kwenye hoka senta tangu Septemba 1, 2021, mara ya kwanza unaonywa kwa maandishi, mara ya pili faini dola 300. Sababu yake utaiona kwa macho, ukiacha mabaki mezani ndege wameshatua, njiwa na wale weusi wenye mdomo wa njano, na anayefuata anakuta meza chafu. Pia wanaofuta zile meza wengi ni wazee sana, mi ningerudisha hata kusingekuwa na faini.

Vinywaji vina kibanda chake peke yake, usimwombe chai anayeuza wali. Na pale kwa vinywaji uende umeshajua unataka nini maana anko anapika kahawa kwa kasi ya ajabu na nyuma yako kuna watu. Kopi ukisema hivyo tu unaletewa yenye maziwa mazito ya kopo na sukari, kopi-o ni nyeusi na sukari, kopi-c ni ya maziwa ya kopo yasiyo na utamu pamoja na sukari, ukiongeza kosong mwishoni sukari inatoka, siew dai sukari inapungua, peng wanaweka barafu. Chai hivyohivyo, unabadilisha neno la kwanza linakuwa teh. Mi nilikuwa mtu wa teh halia, chai ya maziwa na tangawizi, inamiminwa juu chini kati ya vikombe viwili mpaka inatoa povu. Chini ya dola 2. Yule anko wa karibu na hosteli yetu baada ya muda alikuwa akiniona kwa mbali tu ameshaanza kuimimina. Na watu wazima wote pale ni anko na anti, usimwite mtu kwa kupiga makofi au kuita we, sema anko, utaona uso unavyofunguka.

Hela taslimu beba. Vibanda vingi wanapokea malipo ya simu lakini ni mifumo ya kwao ya benki za kwao, kadi ya mgeni haikubaliki kila mahali, na mzee wa dola 4 ukimpa noti ya 100 saa sita mchana unamtesa. Noti za 2, 5 na 10 ndo za kutembea nazo.

Halafu saa. Hili naona wageni wengi linawakosesha. Kibanda cha mtu mmoja kinafunguliwa anapotaka na kinafungwa chakula kikiisha, wa asubuhi wengine saa nane mchana wameshaosha sufuria, wa usiku saa kumi na moja jioni ndo kwanza wanawasha moto. Wengine wanapumzika Jumatatu, wengine siku nyingine. Na senta nzima inafungwa kwa siku moja au zaidi kila baada ya miezi mitatu hivi kwa usafi mkubwa, tarehe zinatangazwa na mamlaka yao ya mazingira, NEA, kwahiyo kama umepanga kuvuka mji mzima kwa ajili ya senta moja, angalia kwanza kama iko wazi. Kati ya saa sita na saa saba na nusu maofisi yanamwagika, ukienda saa tano na nusu unakula kwa raha na mpishi ana muda wa kukusemesha. Lau Pa Sat wewe nenda usiku, lile jengo la chuma la zamani la pembe nane katikati ya maghorofa ya mabenki, mtaa wa Boon Tat pembeni yake unafungwa magari jioni, meza zinawekwa barabarani na moshi wa mishkaki ya satay unajaa mtaa mzima. Ni pa watalii, ndiyo, lakini na wafanyakazi wa yale maghorofa wanakaa palepale na tai zao zimelegezwa.

Sehemu moja tu ya kuwa macho ni vyakula vya baharini. Kaa, kamba wakubwa na samaki mzima vinauzwa kwa uzito, na bei iliyoandikwa mara nyingi ni ya gramu 100, mtu anaiona ndogo anaagiza kaa wa kilo na zaidi. Uliza mambo mawili kabla hajaenda kupikwa, ana uzito gani, na jumla ni dola ngapi. Jumla, siyo bei ya gramu. Na akija mtu anakuvuta mkono kwenye kibanda chake wakati hujamuuliza, we asante tembea mbele, wapishi wenye wateja hawana muda wa kukimbiza watu.

Kitu ambacho nimerudi nacho kikanikaa moyoni ni wapishi wenyewe. Ni wazee. Umri wao wa kati uko karibu miaka 60, na utawaona wamesimama kutwa kwenye kibanda ambacho mkinyoosha mikono wawili mnagusana, jiko limewaka, nje joto, saa tisa ya usiku wameshaamka kutayarisha. Niliwahi kumuuliza mama mmoja anayeuza lontong, wali wa kushindiliwa kwenye mchuzi wa nazi, kama watoto wake watakichukua kibanda. Akasema amewasomesha, mmoja ni nesi, mmoja yuko benki, na alilisema hilo kwa furaha kabisa, halafu akaendelea kukata ketupat, wali uliopikwa ndani ya majani yaliyosukwa. Sasa hapo utasema nini. Kazi imefanya ilichotakiwa kufanya, imewatoa watoto, na hayo mapishi yake yako kwenye mikono yake tu hayajaandikwa popote. Wenyeji wenyewe wanalizungumza sana hili, kwamba kila mtu anataka bakuli libaki dola 4 na kila mtu analalamika likipanda senti 50, wakati mafuta, mchele na kuku vimepanda na vijana wanaoingia kwenye hii kazi sasa wengi wanalipa kodi ya kibanda kubwa kuliko waliyokuwa wakilipa wale wazee wa mwanzo. Mimi msimamo wangu ni kwamba mgeni uliyepanda ndege kwenda kule huna haki ya kunung'unika kwa hizo senti 50. Lipa, kula chakula umalize, mwambie anti kilikuwa kitamu, na ukiweza rudi kesho yake. Kurudi kwenye kibanda kilekile wanakukumbuka haraka sana, na ukishakumbukwa sahani yako inabadilika, kipande kinakuwa kizuri zaidi, sambal inaongezwa bila kuomba, na unaanza kuambiwa leo usichukue hiki, chukua kile. Wageni wengi wanakimbia senta mpya kila mlo ili waseme wamezimaliza, mimi nilipata zaidi nilipotulia na vibanda vichache.

Na kwa wale mnaopita tu Changi mkisubiri ndege nyingine, kama mnaruhusiwa kutoka na mna masaa ya kutosha, msilipe pale uwanjani. Panda treni, badilisha Tanah Merah, shuka Paya Lebar, kutoka hapo Geylang Serai unaenda kwa miguu. Usile wala kunywa chochote ndani ya treni, faini yake inafika dola 500. Fika kabla ya saa sita mchana, panda juu, zunguka mara moja bila kununua, halafu simama nyuma ya bibi mwenye kikapu.